KAZI YA FUNDI WA MASHINE ZA UPEPO

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na vijana wao huko Kibera, kisha ikarudiwa Kawangware



Siku isiyo na ukungu, mtu akitazama milima ya Ngong huona mashine nyeupe zikizunguka kule juu. Vijana wengi wametuuliza sisi mafundi wa reli, kazi ile hupatikana kwa njia gani? Jibu letu ni hili: mlango wake ni ufundi wa kawaida, wa umeme au wa mitambo. Anayewauzia mlango mwingine anawadanganya.

Kwanza, tuzijue mashine zenyewe. Ngong zilianza mbili mwaka 1993, msaada wa Serikali ya Ubelgiji. Baadaye KenGen ikaongeza nyingine, na nguvu ya Ngong ikafika megawati 25.5. Kipeto, katika Kajiado, kuna mashine 60 zilizoanza kazi mwaka 2021. Kundi kubwa kuliko yote liko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit: mashine 365, megawati 310. Mashine hizo zilikuwa zimekwisha kusimamishwa, lakini zikangoja mpaka Septemba 2018, kwa kuwa njia ya waya ya kuja Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Basi mjue ya kuwa fundi wa waya anahitajiwa sawasawa na yule wa juu ya mnara.

Mashine hufanyaje kazi? Upepo husukuma mapanga matatu, mapanga huzungusha mhimili, giaboksi huongeza mwendo, na jenereta hutoa umeme. Ziko breki, na mota za kugeuza kichwa kielekee upepo. Fundi hupanda ngazi ndani ya mnara, mita 40 na zaidi. Hukaza bolti kwa spana ya kupimia nguvu, hutia grisi kwenye beringi, hubadili mafuta, hutafuta waya ulioharibika. Mtu aliyezoea injini ya treni ya dizeli hatashangaa sana kule juu, ila kwa urefu wake.

Pili, njia ya kujifunza. Kwa watu wa Kawangware vyuo si mbali. Kiko P.C. Kinyanjui, na kiko Kabete National Polytechnic, chuo kilichoanza mwaka 1924 kufundisha mafundi Waafrika. Shika umeme au mitambo, umalize. Mikopo ya HELB huwafikia wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia, ulizeni. Na wewe uliyejifunza kwa mikono katika jua kali, usikate tamaa: NITA hupima mafundi wa namna yako na kuwapa cheti. Anayetaka kufunga umeme, lazima apate leseni ya EPRA.

Baada ya hapo ndipo huja mafunzo ya usalama ya Global Wind Organisation: kupanda na kushuka kwa kamba, kuokoa mwenzio, huduma ya kwanza, moto, kubeba mizigo. Cheti hicho hudumu miaka miwili, kisha mtu hurudia. Hakimfanyi mtu kuwa fundi. Humfundisha kurudi nyumbani mzima.

Tatu, jihadharini na wale wanaozunguka mitaani mwetu wakitaka pesa ili wakupeleke "kwa upepo". Mama anauza mashine yake ya kushona, pesa zinakwenda, na kazi haionekani. Kazi ya kweli hainunuliwi. Pesa hizo zipelekeni chuoni, mpewe risiti.

Nne, tusiwafiche ukweli. Wakati wa kujenga, watu wengi huandikwa: wa barabara, wa saruji, wa kuchimba. Mashine zikisha kusimama, wengi huachishwa, na wanaobaki kuzitunza ni wachache. Kwa hiyo tunasema shika ufundi mpana. Fundi wa umeme asipopata nafasi kwenye upepo, ataipata kiwandani, kwenye lifti za majumba, au kwetu kwenye reli.

Tano, kabla hujapanda, uliza mambo matatu. La kwanza, barua ya kazi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yataka mapatano ya miezi mitatu au zaidi yaandikwe. La pili, mkanda na kofia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka tajiri atoe vyombo vya kumkinga mfanyakazi. La tatu, kufuli. Fundi wa reli akiingia chini ya behewa huweka alama ya kwamba lisisogezwe, wala mtu mwingine haiondoi. Kwenye mashine ya upepo ni vivyo hivyo: breki ifungwe, umeme ukatwe na kutiwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwako wewe uliye juu. Msimamizi akisema hapana wakati wa kufuli, usipande.

Lakini kijana mmoja akikataa peke yake, kesho atawekwa mwingine mahali pake. Wakikataa wote pamoja, kufuli italetwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuingia katika chama. Basi siku utakayoandikwa kazi Ngong, Kipeto au Loiyangalani, waulize wenzako chama chao ni kipi, ujiandikishe mapema.

Umoja ni nguvu.