Unene wa Karatasi: Gasketi katika Kufufua Injini na Giaboksi za Magari ya Zamani



Mtu akitoka Soko la Kariakoo akaelekea Gerezani, hupita katika mitaa ambamo vipuri vya magari vimetundikwa milangoni na kupangwa barazani kwa wingi wa kustaajabisha. Lakini akiulizia gasketi ya giaboksi ya Land Rover iliyoingia nchini kabla ya Uhuru, aghalabu atapewa shiti ya karatasi ya kukatia, au mrija wa silikoni, na kuambiwa achague apendacho kwa kuwa vyote ni mamoja. Azma ya mada hii ni kuukanusha usemi huo, maana gasketi, fauka ya kuzuia mafuta yasivuje, ni kipimo kilichowekwa kwa makusudi kati ya chuma na chuma, na fundi anayeiondoa akatia mahali pake kitu kisicho na unene maalumu amevuruga hesabu ya mashine nzima.

Nianze na giaboksi, kwa sababu huko ndiko kosa hili linakofanyika zaidi. Katika giaboksi nyingi za zamani, kifuniko ndicho kinachoikamata beringi ya shafti, na ule uwazi mdogo unaoiwezesha shafti kuzunguka kwa raha umepatikana kwa kuhesabu pia unene wa karatasi iliyo chini ya kifuniko hicho. Karatasi ya robo milimita ikiondolewa na mahali pake kupakwa silikoni, ambayo bolti zikikazwa hukamuliwa ikabaki utando tu, kifuniko huibana beringi nayo hupata moto hata ikaharibika. Na ikiwekwa karatasi nene kupita kiasi, shafti huchezacheza mbele na nyuma, mpaka gia ikaanza kuchomoka yenyewe mteremkoni. Waliounda Land Rover za Series walilijua jambo hili, wakaweka shimu za chuma nyuma ya nyumba ya spidomita, ambazo fundi huziongeza au kuzipunguza hadi beringi zikae kwa mkazo unaostahili. Shimu hizo zikipotea katika vumbi la karakana, hakuna silikoni iwezayo kuzifidia.

Kwa hiyo gasketi kuukuu isitupwe kabla ya kupimwa kwa maikromita, tena mahali ilipobanwa, wala si ukingoni ilipovimba kwa mafuta. Na hapa nina nasaha ya afya: gasketi nyingi za magari ya zamani zilichanganywa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Ilowanishwe, ikwanguliwe polepole, wala isipulizwe kwa kompresa, desturi ambayo ingali ipo katika karakana zetu na ambayo hunihuzunisha sana, kwa sababu wanaolivuta vumbi hilo ni wanagenzi, vijana wasioambiwa neno.

Kuhusu kukata karatasi mpya, wazee wetu waliilaza juu ya kifuniko chenyewe wakaigonga pembezoni kwa nyundo ya kichwa cha duara. Njia hiyo yafaa kwa chuma cha kusubu. Kwa alumini siishauri, madhali nyundo huuvunja ukingo mkali wa uso, na ukingo uliovunjika huvuja daima. Heri kuchora kwa penseli na kukata kwa mkasi.

Injini ina mtihani wake. Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963 na tena 1966, 1967 na 1968, ina hedi ya alumini juu ya bloki ya chuma, na silivu zake huzungukwa na maji; vivyo hivyo 504 iliyoifuata mwaka 1968. Sharti silivu zichomoze kidogo mno juu ya uso wa bloki ili gasketi ibanwe barabara, na hedi ikiwa nje, asithubutu mtu kuzungusha kranki kabla hajazishikiza silivu hizo, asije akazitikisa sili za chini na kuyafungulia maji njia ya kwenda kwenye sampu.

Lakini adui mkuu wa hedi mjini hapa ni maji yenyewe. Kwa kuwa Dar es Salaam haijui barafu, wenye magari hujaza rejeta maji matupu, pengine ya kisima chenye chumvi, nayo huila alumini kuzunguka matundu. Gari likichemsha na oili ikawa kama chai ya maziwa, hununuliwa gasketi mpya na kukazwa juu ya uso uleule ulioliwa. Baada ya muda si mrefu huungua tena, na lawama hutupiwa muuza vipuri. Insafu yataka uso upimwe kwanza kwa rula ya chuma na fila geji, ujazwe kwa kulehemu palipochimbika, kisha uchongwe.

Silikoni nayo haikukosa mahali pake. Bloki ya Volkswagen Kobe, kwa mfano, ni nusu mbili zinazokutana bila gasketi yoyote, na hapo dawa ya kuzibia ni lazima, lakini kwa utando mwembamba, kwa sababu ziada hukatika ndani ikaenda kuziba chujio la oili.

Naomba semina hii iazimie kwamba kila karakana ipeleke nakala ya karatasi za gasketi ilizo nazo katika chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, na kila nakala iandikwe jina la gari, mwaka wake, unene wa gasketi uliopimwa ilipobanwa, na upande uliotazama juu.