Sauti ya Nani Katika Insha Hii?

Asubuhi hii tungependa kuzungumza na vijana wetu walio vyuoni, na wazazi wao tafadhali wasizime redio.

Tumeulizwa swali na kijana wa mwaka wa tatu anayesomea ualimu. Mchana yuko darasani. Usiku, wenzake wakilala, yeye hufungua kompyuta na kuandika insha za wanafunzi walio Marekani na Uingereza. Wao hulipa, yeye huandika, kisha wao hutia majina yao na kupewa alama. Anauliza: Je, hii ni dhambi, au ni kazi kama kazi nyingine?

Tusimkemee upesi. Tangu nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti imekuwa ya kasi, na kazi hii imewalisha vijana wengi hapa nchini. Mkopo wa HELB ukigawanywa kwa karo, chakula na kodi ya chumba, haufiki mbali. Wadogo zake wako sekondari. Waliohitimu kabla yake amewaona wakizunguka mjini na bahasha za vyeti. Mtu anayepata dola kwa kila ukurasa ataambiwaje aache, hasa na mhubiri mwenye mshahara?

Hata hivyo na tuitazame kazi yenyewe. New York iko nyuma yetu kwa saa saba au nane, kutegemea majira, kwa hiyo insha inayotakiwa huko jioni humkesha kijana wetu usiku wa manane. Wengine huandika kwa akaunti za kukodi, na mwenye akaunti hukata sehemu yake kwanza. Juma hili ni historia, juma lijalo sheria, juma jingine uuguzi. Hapo kwenye uuguzi tulimsimamisha. Tulimwuliza: Yule mwanafunzi uliyemwandikia habari za vipimo vya dawa, siku atakaposhika sindano, mgonjwa atatibiwa kwa elimu ya nani? Alinyamaza. Kisha akasema hakuwahi kuliwaza jambo hilo, kwa maana kwake mteja ni nambari tu.

Mnaijua habari ya Isaka katika Mwanzo sura ya 27. Mzee alikuwa haoni. Alipapasa ngozi za mbuzi akadhani ni mikono ya mwana mmoja, na huku sauti iliyomfikia ilikuwa ya mwingine. Wahubiri wengi tukifika hapo hukaa na Yakobo na Esau. Siku hizi sisi humfikiria zaidi Isaka, maana mwalimu anayesahihisha insha yumo katika hali yake. Ameshika karatasi yenye jina hili, lakini sauti iliyomo ni ya mtu wa mbali asiyemjua. Tena Yakobo angalau aliondoka na baraka. Kijana wetu huondoka na ujira wa usiku mmoja, na baraka, yaani cheti, ikabaki kwa aliyeinunua sauti yake.

Serikali za nje zimekwisha kuamka. Australia ilipitisha sheria dhidi ya biashara hii mwaka 2020. Uingereza nayo, mwaka 2022, ilifanya kuwa kosa la jinai kuwauzia wanafunzi wa England huduma hiyo. Tazameni sheria hiyo ya Uingereza inamshika nani: ni muuzaji. Mnunuzi ameachiwa chuo chake kimwadhibu. Halafu Novemba 2022 ikaja ChatGPT, mashine inayoandika insha kwa dakika chache, na wateja wengi wakaanza kujiandikia wenyewe kwa mashine. Ambao dhamiri haikuwagusa, mfuko uliwagusa. Hatulisemi hili kwa furaha, kwa sababu wengine walikuwa wakilipia karo ya ndugu zao kwa fedha hizo.

Kijana huyu anatumaini kuwa mwalimu wa historia. Siku moja atamkuta mtoto na karatasi ya majibu katika chumba cha mtihani wa KCSE. Atamwambia nini? Na kabla ya siku hiyo, atakapoulizwa ameandika nini maishani mwake, ataonyesha nini? Ameandika kurasa nyingi sana, lakini hakuna hata mmoja unaobeba jina lake. Tuliona neno hili limemwuma kuliko lile la dhambi, nasi hatukumwondolea uchungu wake.

Alisema, “Pasta, nikiacha, vidole vyangu vitafanya nini?” Tukamkumbusha Mathayo. Alipoitwa aliinuka akaiacha meza ya ushuru, lakini mapokeo ya kanisa yanasema kalamu hakuiacha, bali ndiye aliyetuandikia Injili ya kwanza. Kijana anayeweza kusoma vitabu vya sheria kwa usiku mmoja na kuvieleza kwa Kiingereza safi ana kipawa. Kwa mtandao huo huo watu hutafsiri, hunakili maneno yaliyorekodiwa, huwafundisha wageni Kiswahili, huandika programu. Malipo mara nyingi huanza kidogo, wala hatukumdanganya juu ya hilo. Tulimwomba asipokee insha mpya tangu siku ile, na hizo alizokuwa nazo azirudishe bila kuandikwa. Juu ya karo ya muhula ujao, aende kwa mkuu wa wanafunzi aulize habari za basari na kazi za maktabani, nasi tukaahidi kwenda pamoja naye.

Neno moja kwa wazazi. Wengi wenu mnasema kwa fahari, “Mwanangu anafanya kazi ya kompyuta,” mkaishia hapo. Akija nyumbani likizo hii na macho mekundu, mwekee chai, kaa naye, umwambie akufungulie hiyo kompyuta akuonyeshe anachoandika. Na akikwambia ameacha, na ya kwamba juma hili hana cha kutuma, usianze na swali la fedha.