KUJENGA NCHI YA WATU BILA KUWAULIZA WENYEWE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu)



Nimeombwa niseme machache juu ya nchi ya Iraki. Labda mtauliza, Iraki ina nini na sisi watu wa reli? Njia ya reli ya kutoka Basra mpaka Baghdad ilijengwa na jeshi la Waingereza, ikakamilika mwaka 1920. Upana wake ulikuwa meta moja, sawasawa na njia yetu ya zamani ya Mombasa. Na mwaka 1945 mafundi wa karakana ya reli huko Baghdad waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, serikali ikakifuta chama chao. Basi wale ni ndugu zetu wa kazi.

Mwezi wa Machi 2003 majeshi ya Marekani na Uingereza yaliingia Iraki. Tarehe 9 Aprili Baghdad ikaanguka. Saddam Hussein alikuwa mtawala mkali, na wengi hawakumlilia. Kazi ya kubomoa ilikwisha kwa majuma matatu. Kazi ya kujenga ndiyo iliyowashinda.

Mwezi wa Mei alifika Bwana Paul Bremer, Mmarekani, kuwa mkuu wa utawala wa muda. Alitawala kwa amri zenye nambari. Amri ya kwanza, ya tarehe 16 Mei, iliwafukuza kazini wakubwa wa chama cha Baath. Humo walikuwamo walimu na wahandisi walioingia chama kile ili wapate kazi tu. Amri ya pili, ya tarehe 23 Mei, ilivunja jeshi lote. Watu zaidi ya laki tatu walikosa mshahara kwa siku moja, na bunduki wanazo. Mwezi wa Juni walikusanyika Baghdad kudai haki yao, na wawili wakapigwa risasi wakafa. Siku chache baadaye ndipo ikatangazwa kwamba watalipwa posho. Ndugu zangu, mtu mwenye njaa na bunduki hakosi mwajiri mwingine. Wengi wao walimpata.

Mwezi wa Septemba ikaja amri nambari 39. Wageni wakaruhusiwa kumiliki kampuni yote nzima na kupeleka faida yote kwao, isipokuwa katika mafuta na mali nyingine ya ardhini.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika kufuta sheria za Saddam, moja waliiacha. Ni ile ya mwaka 1987 iliyowanyima wafanyakazi wa mashirika ya serikali haki ya kuwa na chama. Walisema wameleta uhuru, lakini uhuru wa mfanyakazi waliuacha kabatini. Mwezi wa Desemba 2003 askari wa Marekani waliingia ofisi ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi Baghdad, wakawakamata viongozi.

Hata hivyo wafanyakazi wa mafuta wa Basra hawakungoja ruhusa. Waliunda chama chao, na mwezi wa Agosti 2003 wakagoma. Utawala ulipopanga kima cha chini cha dinari 69,000 kwa mwezi, walitishia kugoma tena, wakaongezewa. Hawa walijua kinachohitajika, lakini hakuna aliyewauliza.

Mimi mwenyewe nimeona jambo hili kwa udogo wake. Aliletwa mtaalamu wa kigeni kubadilisha kalvati kwenye sehemu yetu ya njia. Mzee wa gengi, aliyetembea pale zaidi ya miaka ishirini, alimwonyesha alama ya maji ya masika kwenye shina la mti. Yule bwana akatazama karatasi yake. Masika yaliyofuata maji yalibeba tuta, mataruma yakabaki yananing'inia hewani. Mtaalamu alikuwa amekwisha kwenda kwao. Sisi ndio tuliolala pale siku nne tukijaza mawe.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Marekani ilitoa dola kama bilioni 60 kwa kazi ya kuijenga Iraki mpaka mwaka 2013. Jeshi jipya lililofundishwa na kuvikwa kwa fedha hizo lilikimbia mji wa Mosul mwezi wa Juni 2014. Fedha hazikukosekana. Walikosekana wenyeji wenye neno katika mpango.

Sisemi kwamba mgeni hana msaada. Na sisi Wakenya tusijione watakatifu, maana mwezi wa Juni 2024 polisi wetu walipelekwa Haiti, na kule sisi ndio tuliokuwa wageni. Kwa hiyo swali hili ni letu pia. Mtu akija kukujengea, au wewe ukienda kumjengea mwenzako, uliza kwanza: mzee wa gengi amesema nini? Na je, wafanyakazi wana ruhusa ya kukutana na kusema?

Kama jibu ni hapana, ndugu zangu, jueni masika yanakuja.