Ujira wa Mwenye Kutulelea Watoto

(Hotuba iliyosomwa Nakivale mbele ya jamaa wa hapa na wageni wetu wa Mbarara)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nasema kwamba halmashauri imenitaka nizungumze machache katika siku hii ya ukumbusho. Huenda wengi wenu mlitazamia nizungumze juu ya kujenga msikiti au madrasa. Hayo yana wasemaji wake. Mimi nataka kusema juu ya jambo linalopita mbele ya milango yetu kila alfajiri nasi hatulitazami: mama anamkabidhi mtoto wake kwa jirani, kisha anashika njia kwenda kutafuta riziki.

Tangu Nakivale ilipofunguliwa mwaka 1958 wamekaa hapa watu wa mataifa mengi: Wanyarwanda kwanza, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 imempa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kutembea katika nchi. Basi mama wa Base Camp au wa Juru hupanda gari asubuhi kwenda Mbarara kununua bidhaa, na mama wa Mbarara naye hufungua kibanda chake kabla jua halijapanda. Zamani bibi alikuwapo nyumbani, na shangazi alikuwapo. Vita vimewatawanya, bibi amebaki Bukavu, na shangazi hajulikani aliko. Mtoto huachwa kwa jirani, na jirani huyo aghlabu ni mjane, au ni bibi ambaye jembe limekwisha kumshinda.

Dhulma nitakayoitaja ni ya nyumbani kwangu mwenyewe, ili asije mtu akadhani namsema yeye. Binti yangu anafanya biashara ya vitenge. Alipoanza safari za Mbarara alimpeleka mwanawe kwa mjane mmoja wa Kivu, jirani yetu. Akamwuliza, "Mama, tupatane kiasi gani?" Yule mama akajibu kama walivyozoea wenye haya, "Mwanangu, huyu ni mtoto wetu sote. Utanipa utakachojaliwa." Binti yangu akafurahi. Nami nilipoelezwa nikafurahi, nikasema, huu ndio udugu wa Kiislamu.

Ikapita miezi minane. Siku nyingine mjane alipewa mche wa sabuni, siku nyingine shilingi 2,000, na siku nyingi alipewa "ahsante, mama". Kisha asubuhi moja mlango ulikuwa umefungwa. Binti yangu akarudi na mtoto mgongoni, gari likamwacha, nami nikaghadhibika. Jioni nilikwenda kumlaumu yule mama. Nilimkuta anaosha miguu, ametoka kulima shamba la watu, na kwa kutwa nzima alilipwa shilingi 5,000. Jina lake lilikuwa limeondolewa katika orodha ya chakula, kwani tangu mwaka 2023 posho imegawanywa kwa madaraja, na walio wengi wamepunguziwa au wamekatiwa kabisa. Akaniambia, "Shehe, mimi sikuchoka na mtoto. Nimechoka kungojea."

Sikuwa na jawabu. Mimi niliyesomesha mlango wa ijara katika vitabu vya fikihi miaka mingi, nikifundisha vijana kwamba ujira sharti ujulikane, na kazi ijulikane, na muda ujulikane, sikuyaona masharti hayo yakivunjwa hatua thelathini kutoka barazani kwangu!

Ndugu zangu, neno hili "utanipa utakachojaliwa" ni tamu ulimini, lakini ndani yake mna hadaa. Anayelisema anatarajia kitu, na anayelisikia anafanya kama hakutarajiwa kitu. Tazameni Surat at-Talaq, aya ya sita. Maana yake ni kwamba mama aliyeachwa akimnyonyesha mtoto apewe ujira wake, na wazazi washauriane kwa wema. Na wakishindwa kuafikiana, basi mwingine atamnyonyesha. Angalieni aya hii inasema na watu gani. Inasema na mume na mke waliokwisha kuachana, ambao pengine hata kutazamana hawataki. Hao ndio walioambiwa wakae washauriane juu ya ujira! Sembuse majirani wanaopeana chumvi? Wala aya haikuwalazimisha kupatana. Imeacha mlango wa mwingine kulea, ili wasiopatana waachane bila ya uadui.

Wako wanaosema kuwa kumlea mtoto kwa fedha ni aibu. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alilelewa jangwani na Bibi Halima wa Banu Saad, na wanawake wa kabila lile walikuwa wakija Makka kutafuta watoto wa kunyonyesha kwa ujira. Imesimuliwa katika sira kwamba walisita kumchukua kwa kuwa yatima, kwani malipo walikuwa wakiyatazamia kwa baba. Hapana aliyeona aibu, na heshima ya Halima haikupungua.

Basi tulikaa na yule mama, tukahesabu. Anaweza kulea watoto watatu vyema, si zaidi. Akipata shilingi 1,500 kwa kila mmoja kwa siku, jumla ni 4,500, karibu na kile alichopata kwa jembe. Unga wa uji na sukari tutaleta sisi. Maji na makaa ni juu yake. Gari likichelewa na mtoto akabaki baada ya Magharibi, ataongezwa 500. Binti yangu alijaribu kupunguza, kwa mazoea ya sokoni. Nikamwambia kitenge utakipunguza upendavyo, kwa kuwa mwenye kitenge anaweza kukirudisha rafuni akangoja mnunuzi mwingine; mtu asiye na unga ndani hawezi kungoja, na ridhaa yake ni ya dhiki.

Kuna jambo linaloleta ugomvi mwingi: mtoto asipokwenda, je, ujira hulipwa? Wanavyuoni wamemtenga mwajiriwa aliyefungwa kwa muda maalumu na yule anayelipwa kwa kazi aliyoifanya. Mlezi aliyekodiwa mwezi, akakaa tayari na akamkataa mtoto mwingine kwa ajili ya wako, ujira wake ni haki hata mtoto asipokwenda. Aliyepatana kwa siku atalipwa siku zilizofanyiwa kazi. Chagueni mojawapo mapema, wala si siku ya homa. Na mlezi naye aogope Mungu: asichukue watoto wanane kwa macho mawili, wala asipandishe bei wakati mama amekwisha kushika mkoba na gari linapiga honi.

Nimesikia mtu akinong'ona, "Na mama asiye na hizo 1,500?" Yuko, nami namjua. Lakini mbona kila tukitaka kumsaidia maskini tunapunguza ujira wa maskini mwenziwe? Sadaka itoke kwetu sote, tulioketi hapa na kula pilau, na wafanyabiashara wa Mbarara waliotujia leo kwa hisani yao. Ujira wa mlezi ubaki kamili, na kinachopungua kitolewe na sanduku la jumuiya.

Halmashauri imekubali kununua daftari. Kila wapatanao wataandika humo ujira, saa, na nani aleta unga, mbele ya mashahidi wawili, na asiyejua kuandika ataandikiwa na katibu. Daftari litakuwa msikitini kila Ijumaa baada ya sala. Sanduku liko pale mlangoni, na wanawake wana lao upande wao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.