Malimbikizo ya Mishahara na Hazina ya Reli



Mji huu wa Kisumu ni mtoto wa reli. Njia ya chuma iliwasili ziwani tarehe 20 Desemba 1901, na bandari ikaitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Preston, jina ambalo halikudumu. Nyumba zetu nyingi zimekula jasho la reli hiyo. Basi yatupasa kuzifahamu hesabu zake, wala si madai yetu peke yake.

Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948, lilitakiwa kujitegemea. Mishahara, riba ya mikopo na akiba ya kununulia injini mpya vilitoka katika nauli za abiria na malipo ya mizigo. Sasa tuseme mtu ameongezewa shilingi 10 kwa mwezi, na mapatano yanarudi nyuma miezi 18. Atadai shilingi 180 kwa siku moja. Watu 1,000 wa namna hiyo watadai 180,000. Reli haiwezi kumrudia mwenye pamba wa mwaka jana, wala kiwanda cha sukari cha Miwani, na kusema, "Tulikutoza kidogo." Hutoa katika akiba, au huongeza malipo ya mizigo ya mwakani, na mfanyabiashara anayeona ghali hupakia lori.

Hata hivyo hatukubaliani na wasemao kwamba mfanyakazi ndiye mwenye kuibomoa hazina. Kazi ilikwisha kufanywa. Deni lilikuwapo, ila halikuandikwa vitabuni.

Jumuiya ilipovunjika 1977, wastaafu wa reli walibaki wakingoja. Mapatano ya 1984 yaligawa mali, Kenya ikipata asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26, na kila nchi ikabebeshwa pensheni za raia wake. Miaka saba ilikuwa imepita! Mwaka 2006 ukaanzishwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Reli ya Kenya, ukakabidhiwa ardhi na majumba ya reli ili mali hiyo izae fedha za wastaafu. Hivyo deni lisilotengewa fedha wakati wake lililipwa kwa viwanja.

Wanachama walioajiriwa relini kabla ya 1978, pamoja na wajane wao, tunawaomba wamletee karani nakala za barua za ajira na za kustaafu, hata kama zimechakaa.