Redio Isikike Vizuri Ndani ya Lori la Mazao

Leo tuzungumze juu ya redio iliyomo ndani ya lori linalobeba mazao yenu.

Pengine mtasema hilo ni jambo la dereva. Sivyo. Chukua mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa. Matenga yamejaa, safari ni ya Dar es Salaam, na mvua za masika zimeanza. Redio ikitangaza kwamba barabara imekatika mbele, yeye na dereva wataweza kuuza mzigo Morogoro. Wasiposikia, nyanya zitaozea njiani, na hasara ni ya mkulima. Basi siku ya kukodi lori, uliza: je, redio yako inasikika vizuri?

Ikiwa inakoroma tu, msikimbilie kusema ni mbovu. Mara nyingi kosa liko kwenye eriali.

Kwanza, eriali ikae nje. Chumba cha dereva ni kama sanduku la chuma, na chuma huzuia mawimbi. Kwa stesheni za FM, fimbo ya sentimita 75 hivi inatosha. Isimame wima, isifunikwe na turubai wala kuguswa na kamba za mzigo.

Pili, tazameni kitako cha eriali ya fimbo. Kinatakiwa kigusane na chuma kitupu cha gari. Rangi na kutu huzuia. Fungueni, pigeni msasa mpaka chuma king'ae, kazeni tena, halafu pakeni grisi kidogo kwa nje.

Tatu, waya wa eriali. Ndani yake mna waya wa katikati na wavu wa waya unaouzunguka. Viwili hivyo visigusane hata kidogo.

Nne, kelele za gari lenyewe. Zimeni injini. Sauti ikisafika, kelele zinatoka garini. Mlio ukipanda kila dereva akikanyaga mafuta, fundi umeme akague alteneta. Chomoeni na chaji ya simu pia, maana nazo hupiga kelele redioni.

Hapa pana hatari. Malori mengi makubwa yana umeme wa volti 24, lakini redio nyingi za magari ni za volti 12. Ukiiunga moja kwa moja, utaiunguza. Lazima kiwepo kifaa cha kupunguza volti.

Sasa, mkiteremka Kitonga redio ikanyamaza, msiilaumu. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi; mlima ukiingia katikati, yanazuiwa. Sikilizeni taarifa kabla ya kuingia mlimani. Tena stesheni moja huweza kuwa na namba tofauti kila mkoa, kwa hiyo ziandikeni namba hizo na kuzibandika mbele ya dereva.

Na redio ya setilaiti je? Setilaiti ya AfriStar ilirushwa mwaka 1998 kwa ajili ya Afrika, lakini WorldSpace, kampuni iliyoiendesha, ilifilisika mwaka 2008, na vipindi vyake vikakoma. Mtu akikuuzia redio ya namna hiyo, usitoe fedha yako.

Haya ndugu wakulima, kagueni eriali kabla ya kupakia tenga la kwanza. Kwaherini, na safari njema.