Mahabusu ni Dhamana ya Mshika Ufunguo



Katika sehemu kubwa ya Marekani, mkuu wa polisi wa wilaya, aitwaye sherifu, hateuliwi na serikali bali huchaguliwa kwa kura. Ndiye akamataye watuhumiwa, ndiye atunzaye jela ya wilaya, na ndiye awapelekaye mahabusu mahakamani. Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba aliyechaguliwa na watu huwaogopa watu. Hoja hiyo yapendeza masikioni. Lakini yafaa iulizwe, ni watu gani hao anaowaogopa?

Historia ya Wilaya ya Lake, katika jimbo la Florida, yatoa jibu. Wilaya hiyo ya mashamba ya michungwa ilimchagua Willis McCall kuwa sherifu mwaka 1944. Mwezi Julai 1949, karibu na mji mdogo wa Groveland, msichana wa Kizungu mwenye umri wa miaka 17 alidai kuwa amebakwa na vijana wanne Weusi. Ernest Thomas aliuawa kwa risasi na watu waliokuwa wakimsaka, kabla ya kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Nyumba za Weusi zilichomwa moto. Watatu waliosalia walipigwa wakiwa kizuizini. Samuel Shepherd na Walter Irvin walihukumiwa kifo. Charles Greenlee, aliyekuwa na umri wa miaka 16 tu, akapewa kifungo cha maisha.

Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hizo mbili za kifo, kwa kuwa Weusi walibaguliwa katika kuteua baraza la raia lililopitisha mashtaka. Ikabidi kesi isikilizwe upya. Mwezi Novemba mwaka huo, McCall mwenyewe alikwenda kuwachukua Shepherd na Irvin kutoka gereza la Raiford. Usiku, wakiwa njiani, aliwapiga risasi hali wamefungwa pingu pamoja. Shepherd alikufa. McCall alidai kwamba walimshambulia ili watoroke. Irvin, aliyenusurika kwa kujifanya maiti, alieleza akiwa hospitalini kwamba hawakujaribu kutoroka. Uchunguzi uliofanywa wilayani ulimwondolea sherifu lawama, naye Irvin akahukumiwa kifo kwa mara ya pili. Ni mwaka 1955 tu ndipo Gavana LeRoy Collins alipoigeuza adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha.

Na wapiga kura je? Walimrudisha McCall madarakani kila uchaguzi hadi aliposhindwa mwaka 1972. Mwaka huo huo alikuwa ameshtakiwa kwa kifo cha mfungwa mwingine Mweusi, na mahakama ikamwachia.

Kwa hiyo si kweli kwamba kura peke yake humlinda raia. Sherifu aliwaogopa wale waliokuwa na sauti, nao hawakumdai hesabu ya damu ya wasio na sauti. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Waliyasema hayo kwa kuisikitikia dunia. Hawakukusudia iwe kanuni ya kazi. Mtuhumiwa hawezi kukimbia, hawezi kujitetea, wala hana shahidi njiani usiku. Kwa sababu hiyo ni dhamana kwa aliyeshika ufunguo, hata kama wilaya nzima imekwisha kumhukumu moyoni.

Mwaka 2019 vijana wale wanne walitolewa msamaha na jimbo la Florida, na mwaka 2021 mahakama ilifuta mashtaka na hukumu zao. Wote walikuwa wamekwisha kufariki. Wa mwisho, Greenlee, alifariki mwaka 2012.

Basi kila mtumishi aandikaye jina la mtu katika daftari la mahabusu, na kila mwalimu afundishaye uraia, hana budi kulikumbuka hilo: haki ya mtuhumiwa haianzi siku ya hukumu, bali huanza pale anapotiwa pingu.